Joho la Kwaya

Chekalini,
6 Septemba 1998

Mwanangu Sydney Sifuna,

Mulembe. Boma zima linakusalimu, kuanzia mimi Mama yako mkubwa mpaka yule jogoo mwekundu ambaye bado anatembea kwa sababu hujaja nyumbani tumchinje. Hatujambo, ukiondoa magoti yangu na macho. Mahindi ya juu yamebeba vizuri. Ya upande wa mtoni, ile mvua ya mwanzo wa mwaka ilibeba udongo ikatuachia mawe, kwa hiyo huko tutavuna majani. Headmasta Kipkemboi anasema barua zako uzidi kuzituma kwa sanduku la shule, ufunguo bado ni yeye anashika.

Kwanza nikukumbushe ile picha ya Baba yako mkubwa. Mwezi wa pili, tulipokuwa na msiba, ulienda nayo Nairobi ili uso wake uchapishwe kwenye karatasi za mazishi. Karatasi zilikuja, picha haikuja. Nayo ni ile moja amevaa joho la kwaya nililomshonea mimi mwenyewe. Katika picha nyingine zote Were amefumba macho au anamtazama mpiga picha kama mtu aliyemkanyaga. Mwakani mwezi wa pili tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na nataka picha hiyo ikae mezani.

Sasa neno lililonifanya nitafute kalamu. Dada yako Ayuma ameitwa chuo cha walimu, baada ya kuomba miaka mitatu. Anatakiwa kuripoti tarehe 11 Januari. Wewe uliyelelewa katika nyumba hii hunihitaji nikueleze maana yake. Baba yako mkubwa alifundisha miaka kumi na tisa bila cheti, na siku walipokuja na orodha ya wasio na cheti, walimtoa darasani chaki ikiwa mkononi. Alipolala kitandani mara ya mwisho aliniambia mambo mawili tu: nisiuze ndama, na Ayuma apate karatasi yake.

Lakini Ayuma ameanza maneno mengine. Unajua anapiga chapa pale kwa Shiro, Kakamega mjini. Huyo Shiro ameleta kompyuta inayoongea na simu, na ndani yake Ayuma ameona chuo kinachoitwa Saint Aldhurst. Kinatoa digrii kwa miezi kumi na mwanafunzi haondoki kwenye kiti chake. Ananiambia, "Mama, mbona niende miaka miwili kufundishwa kushika chaki, na digrii iko hapa tu?" Mimi sijawahi kumsikia mtakatifu Aldhurst. Nilimuuliza Mchungaji, naye hamjui, ingawa alitikisa kichwa kama mtu aliyewahi kukutana naye kwa mbali.

Wewe ndiye wetu unayefanya kazi ya hizo kompyuta. Niambie kama chuo hicho ni cha kweli.

Ni mimi Mama yako,
Rasoa

---

Nairobi,
4 Oktoba 1998

Kwako Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na jogoo pia, mwambie ajiandae. Mimi sijambo. Baridi ya Nairobi imeisha na vumbi limeingia. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi imekuwa nyingi, bosi wetu George akikupa kazi leo anaitaka jana. Tuko watu watatu ofisini, mimi, yeye na Maina wa kupokea simu, na ukichelewa kidogo unasikia makelele mpaka kwenye ngazi.

Kuhusu macho yako, nimekununulia miwani ya kusomea. Nimempa Jelagat, yule anayekuja Gikomba kuchukua mitumba ya kuuza hapo Chekalini. Muulize kabla hajaisahau kwenye mzigo. Ukiona herufi zinacheza, isogeze chini kidogo puani.

Picha iko salama, usiwe na wasiwasi.

Hayo ya Ayuma nimeyasikia. Mambo ya intaneti ni mapana sana, Mama, na vyuo vilivyomo humo ni vingi. Nitaulizia. Mpe hongera kwa kuitwa chuo. Nisalimie Mchungaji na Headmasta.

Ni mimi mwanao,
Sydney

---

Chekalini,
25 Oktoba 1998

Mwanangu Sifuna,

Mulembe tena. Miwani imefika, na Mungu akubariki. Jumapili iliyopita nilisoma zaburi nzima mbele ya kina mama bila kukisia hata neno moja, na mke wa Mchungaji akaniuliza kama nimeenda shule ya jioni. Pia nimegundua nyumba yangu ni chafu. Kumbe buibui walikuwa wapangaji wangu siku nyingi.

Walimu walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo barua yako ilikaa sandukuni mpaka waliporudi. Niliisoma mara mbili nikitafuta jibu, nikafikiri labda miwani inaruka mistari.

Sifuna, sikukuuliza kama vyuo ni vingi. Nilikuuliza kuhusu kimoja. Ayuma alikuja nyumbani wikendi akanieleza tena, na ninaandika alivyosema ili usije ukasema mama mkubwa hakuelewa. Chuo hicho kina jengo la mawe lenye mnara, analionanga kwenye kioo cha kompyuta. Kimeanzishwa mwaka 1887. Kuna baraza kubwa linalokagua vyuo, nalo limekipitisha, na ukibonyeza jina la baraza unapelekwa kwenye kurasa za baraza lenyewe, zimeandikwa kwa adabu sana. Kuna barua za watu waliomaliza, mmoja ni meneja wa benki. Na wageni elfu arobaini na kitu wameshatembelea, hesabu imeandikwa hapo chini. Ayuma anasema watu elfu arobaini hawawezi kuwa wajinga wote. Nikamwambia watu wengi kuliko hao walimtazama Nuhu akijenga safina wakacheka.

Nikamuuliza, "Na ni nani unayemjua wewe amesoma huko?" Akacheka tu. Akasema, "Mama, muulize Sifuna, yeye anajua vizuri." Akasema pia kuna kitu ananitayarishia siku ya kumbukumbu ya baba yake, nikikiona nitalia kwa furaha. Sielewi kicheko hicho. Tangu baba yake afe sijamwona akiwa na siri nzuri namna hiyo usoni.

Headmasta anasema asiporipoti tarehe 11, nafasi yake wanampa mwingine siku hiyohiyo, na akiomba tena atasimama nyuma ya mstari na wale wa kidato cha nne wa juzi. Pesa tulizoweka ni za mahali pamoja tu. Akizipeleka kwa Aldhurst, chuo cha walimu kimekwenda.

Nimechoka, mwanangu. Siku tuliyonyoa nywele baada ya mazishi ulikuwepo. Mzee Lumbasi alisimama akauliza watu kama kuna anayemdai Were, aseme mbele ya wote, maana marehemu halali na deni. Aliuliza mara tatu na hakuna aliyesimama. Nilitembea siku ile nikiwa nimenyoosha mgongo. Sasa nimebaki na jambo lake moja tu duniani, nalo ni huyu msichana. Nijibu neno moja: ni cha kweli ama si cha kweli. Na picha.

Mama yako,
Rasoa

---

Nairobi,
20 Novemba 1998

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini mavuno yameanza na mmepata watu wa kuvunja mahindi. Nimesikia redioni mvua inarudi, msiyaache shambani. Huku tuko salama. Maina ameoa, harusi ilikuwa Thika, nilikula nyama nikawakumbuka.

Mama, unaniuliza neno moja lakini mambo haya hayaendi kwa neno moja. Kuna vyuo vya ng'ambo ambavyo havihitaji darasa. Wengine wanapata karatasi hizo na wanapandishwa kazini, nimewaona kwa macho yangu. Wengine hawapati kitu. Dunia inabadilika na sisi wa kijijini tunachelewa kuamini. Ayuma ni mtu mzima wa miaka ishirini na nne. Mimi siwezi kukaa Nairobi nikamwamulia, kesho asije akaniambia nilimzibia njia.

Alisema mimi ninajua vizuri? Alisema kwa nini hivyo? Hebu muulize amemaanisha nini.

Kazi yangu mimi ni kuchora kurasa tu. Mtu akileta maneno yake, mimi nayapanga yapendeze, kama fundi wa masanduku ya maiti, haulizi marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Picha ipo, nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike.

Mwanao,
Sydney

---

Nairobi,
9 Desemba 1998

Mama,

Nisamehe sikuanza na salamu ndefu. Usimwache Ayuma apeleke pesa. Aende chuo cha walimu. Saint Aldhurst hakipo.

Nimejaribu kuandika barua hii tangu mwezi wa tisa. Kila mara naandika "kwako Mama", naandika habari za mvua, halafu kalamu inapita pembeni. Sasa nasema yote. Chuo hicho ni sisi. Ni George, mimi na Maina, katika chumba kimoja juu ya duka la vyuma. Mimi ndiye niliyekijenga. Lile jengo lenye mnara nililitoa kwenye kalenda ya kampuni ya dawa, nafikiri ni hospitali ya huko kwao. Jina alilitunga George akinywa chai, alitaka lisikike kama limekuwepo kabla ya babu zetu. Mwaka 1887 tulichagua kwa sababu 1900 ilionekana kama uongo. Nembo ina simba wa kwenye kiberiti, na maneno ya Kilatini yametoka kwenye beji ya sweta yangu ya sekondari.

Lile baraza linalokagua vyuo ni mimi pia. Nilitengeneza kurasa zake siku mbili baadaye kwa rangi tofauti, ili chuo kimsifu mkaguzi na mkaguzi akisifu chuo. Yule meneja wa benki niliandika barua yake nikingoja mvua ipungue. Hesabu ya wageni niliianzisha yenyewe kwenye elfu arobaini. Mtu wa kwanza kabisa kufungua kurasa zile alikuwa mgeni wa elfu arobaini na moja, na mtu huyo alikuwa Maina. Simu ikilia, Maina anajibu kwa sauti ya pua na kusema Msajili yuko kwenye kikao.

Mtu akilipa, tunampelekea maswali kumi ambayo hakuna anayesoma majibu yake, halafu karatasi nene yenye muhuri wa dhahabu. Mara ya kwanza niliambiwa ni mfano tu wa kuonyesha wateja. Mara ya pili nilijua, na mshahara ukaja, nikanyamaza. Nilipopata barua yako ya kwanza nilikaa nayo mfukoni mwezi mzima. Nilisema labda Ayuma ataghairi mwenyewe na sitahitaji kusema.

Mama, namba yangu ya ofisini Ayuma asiipige. Mwambie wewe. Tarehe 11 aende na sanduku lake. Kuna jambo lingine dogo, nitakueleza tukionana.

Sydney

---

Chekalini,
17 Januari 1999

Sifuna,

Mulembe. Mwaka mpya umetukuta hai. Jogoo tulimchinja Krismasi kwa sababu hatukukuona.

Barua yako ya Desemba nimeipata tarehe 13. Shule ilifungwa, Headmasta akaenda kwao Mautuma na ufunguo wa sanduku mfukoni, kama anavyofanyanga kila Desemba, na wewe unajua, maana ulisoma shule hiyo miaka minane na barua za baba yako mzazi zilikaa humo hivyohivyo. Ungempa Jelagat. Ungepiga simu kwa Shiro. Mtu anayeweza kusimamisha jengo la mawe juu ya duka la vyuma hakukosa njia ya kuleta neno Chekalini.

Tarehe 11 ilikuwa Jumatatu. Ayuma hakwenda. Jumapili jioni nilimpangia sanduku na mablanketi, nikaweka na sabuni, nikamwomba kama mtu anayemwomba mkubwa wake. Akanishika mikono akasema, "Mama, tulia. Ile ingine ni ya uhakika." Pesa alikuwa ameshazituma Novemba. Jumanne Headmasta alirudi na habari kwamba kiti chake amekalia msichana wa Turbo.

Jumatano ndipo nikapata barua yako. Nilivaa miwani yako nikaisoma nikiwa nimesimama langoni, halafu nikampa Ayuma. Aliisoma polepole. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Nilimngoja alie, lakini hakulia. Akasema, "Haiwezekani. Hawezi kumweka Baba penye uongo."

Nikamuuliza baba gani.

Akaingia chumbani akatoka na bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi ya kutoka kwa Shiro, nyeusi na nyeupe, imefifia kidogo upande wa chini. Ni ile zawadi aliyokuwa akinitayarishia kwa siku ya kumbukumbu. Alikuwa ameshaagiza fremu kwa fundi wa Khayega.

Sifuna, nimemwona mume wangu. Wamempa kofia bapa yenye uzi unaoning'inia, na mwanamume wa kanisa letu havai kofia mbele ya Mungu, lakini nilimjua. Nililijua joho kabla ya kuujua uso. Nilishona joho lile kwa kitambaa cha pazia nililonunua kwenye mnada, mzungu wa mwisho alipohama hapa kwetu, na kitambaa kikaniishia kwenye kola, upande wa kushoto ukawa mfupi. Miaka yote Were aliimba akiwa ameinamisha bega ili watu wasione. Hata katika karatasi yako ameinamisha bega. Mkononi ameshika nyimbo za Pasaka zilizokunjwa, na mtu asiyejua atasema ni cheti. Chini yake mmeandika: Profesa Were, Mlezi wa Chuo.

Ayuma alimwona baba yake pale mwezi wa nane, siku ya kwanza kabisa. Nikamuuliza, wewe mwenyewe si unajua baba yako alifukuzwa kazi kwa kukosa cheti, profesa ilitoka wapi? Akasema, "Vyuo hupatianga watu heshima, Mama, hata kama hawakusoma. Hata waliokufa. Nilijua ni Sifuna amemwombea." Akasema kwa mnara na kwa baraza angeweza kuwa na shaka. Kwa meneja wa benki alikuwa na shaka. Lakini alipoona baba yake, alijua ni mkono wako, na mtu wa nyumba hii hawezi kumsimamisha marehemu wetu mlangoni mwa wezi. Alikaa kimya asikuharibie, maana alifikiri na wewe unangojea siku ya kumbukumbu utushangaze.

Hilo ndilo jambo lako dogo.

Sitaki pesa yako wala sitaki maelezo ya kompyuta. Tarehe 27 Februari, Jumamosi, tunafanya kumbukumbu. Nimemwomba Mzee Lumbasi aulize lile swali tena. Amesema haijawahi kufanyika, likiulizwa mara moja limeisha. Nikamwambia basi mwaka huu lifanyike, kwa sababu tulipouliza mara ya kwanza Were alikuwa safi, na tangu alale kaburini amepata wadai asiowajua. Njoo na picha mkononi mwako. Simama mbele ya watu uwaambie hilo deni ni lako.

Rasoa

---

Nairobi,
9 Februari 1999

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea shikamoo hii.

Nilisema moyoni nampa heshima. Naomba uniamini katika hilo hata kama huniamini katika lingine. George alitaka uso wa mzee mwenye joho, na nakala ya picha ilikuwa bado kwenye mashine tangu siku ya kutengeneza karatasi za mazishi. Nilimtazama Baba Mkubwa nikakumbuka ile siku alirudi nyumbani saa nne asubuhi, na vumbi la chaki kwenye vidole, akaenda moja kwa moja kukata kuni asituangalie. Nilisema, basi angalau mahali pamoja duniani aitwe profesa. Nikaandika jina lake mimi mwenyewe. Siku hiyo nilijiona mwana mwema. Kofia aliongeza George.

Nilipopata barua yako nilimfuta usiku uleule. Asubuhi George aliona, tukagombana, sina kazi tena. Usinisifu, nilifukuzwa, sikuacha. Na kumfuta hakukusaidia. George alikuwa ameshauza kurasa zile kwa mtu mwingine anayeanzisha chuo chake. Jana niliingia mahali pa kulipia intaneti nikatazama. Baba Mkubwa yuko huko sasa, joho lilelile, bega lilelile. Wamembadilisha jina. Niliandika kuomba wamtoe, nikajibiwa na mashine kwamba Msajili yuko kwenye kikao. Maneno hayo niliyatunga mimi.

Picha yenyewe nampa Jelagat, imefungwa kwa kadibodi. Haikuwa ndani ya Biblia. Ilikuwa kwenye droo ya ofisi.

Mimi siji, Mama. Nimefika stesheni ya basi mara mbili. Mara ya pili nilikata tiketi. Siwezi kusimama mbele ya Ayuma. Nitamwandikia.

Sydney

---

Chekalini,
1 Machi 1999

Sifuna,

Picha ilifika. Kona moja imekunjika, lakini uso ni mzima, na hana kofia. Nilimweka mezani juu ya kitambaa cheupe.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyopika. Kwaya waliimba ule wimbo wake wa Pasaka ingawa si Pasaka, na sauti ya nne ikakosekana mahali pake, kila mtu akaisikia. Mchungaji alihubiri kwa ufupi, Mungu ni mwema. Nilikuwa nimeweka kiti chako kando ya changu. Mpaka saa nane nilimkataza kila mtu kukikalia, halafu mama mmoja mzee wa Khayega akafika akiwa amechoka kuliko mimi, nikamwambia kaa tu.

Mzee Lumbasi akasimama na fimbo yake. Akaeleza watu kwamba mjane ameomba swali lirudiwe. Watu wakanong'ona. Akauliza, "Kuna mtu anamdai Were?" Akauliza mara ya pili. Mimi nilikuwa nikitazama lango, nakuambia ukweli, mpaka mara ya pili bado nilitazama lango.

Mara ya tatu akasimama Ayuma.

Akasema, "Mimi. Nilimwamini Baba nikiona sura yake, na nimepoteza chuo." Hakusema zaidi, na hakukutaja. Watu hawakuelewa. Mzee Lumbasi mwenyewe hakuelewa, akaniangalia, nikamwambia aendelee. Maana unajua desturi, mtoto hamdai baba yake, lakini akidai mbele ya watu, deni haliwezi kurudishwa mfukoni. Lazima mwana wa marehemu alichukue.

Were hakuzaa mtoto wa kiume. Alikulea wewe. Siku ya mazishi ni wewe uliyeshika msalaba, kila mtu aliona. Basi Mzee Lumbasi akageuka upande wa wanaume akaita, "Sifuna wa Were." Kina mama wakageuka kutafuta. Akaita tena. Jelagat, ambaye anajua mengi kuliko anavyosema, akainamisha kichwa.

Akaita mara ya tatu, na ni Ayuma aliyeitikia kwa ajili yako. Alikuwa bado amesimama. Akasema, "Yuko Nairobi. Anaandika barua."

Rasoa